Mlima uliokataa kuwaka: kisa cha picha moja ya rangi za maji

Mandhari yenyewe ni rahisi kuieleza. Nyuma kuna safu ya milima, katikati mteremko mmoja unaopigwa na jua la mwisho la jioni, chini yake mstari wa miti, na mbele kabisa kijito kinachokata nyasi. Mzee aliyeichora alikuwa amepiga picha ya simu mahali hapo dakika chache kabla jua halijazama, na kilichomfanya asimame ni kitu kimoja tu: ule mteremko ulikuwa unawaka. Rangi ya chungwa tupu, kama kaa lililopulizwa.

Mchoro aliouleta ulikuwa na kila kitu isipokuwa hicho. Milima ipo, miti ipo, kijito kinapinda inavyotakiwa. Mteremko umekaa katikati na rangi ya karatasi ya kaki iliyosahauliwa juani.

“Mwalimu, nimekosea wapi?” akauliza. “Nilipokuwa napaka ulikuwa unawaka. Nimelala, nimeamka, nimeukuta umezimika.”

Mzee huyu ananizidi zaidi ya miaka ishirini. Mimi namwamkia, yeye ananiita mwalimu, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kumstahi mwenzake. Nalitaja hilo kwa kuwa heshima hiyo ndiyo iliyomfanya aufuate ushauri wangu wa kwanza, na ushauri wenyewe ulikuwa mbovu.

Nilifungua kisanduku chake cha rangi kabla sijaitazama picha yake vizuri. Ndipo uchunguzi ulipopinda.

Si kwamba kisanduku hakikuwa na dosari. Kwenye kila tyubu ya rangi kuna namba ndogo inayotaja poda ya rangi iliyomo ndani, ambayo wengi hawaisomi, nayo husema ukweli kuliko jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. PB29 ni buluu ya altramarini. PB15 ni buluu ya thalo. PR108 ni nyekundu ya kadimiamu. Tyubu ya chungwa ya mzee ilikuwa na namba tatu, yaani poda tatu zimekwisha kuchanganywa kiwandani, na kila ukiongeza rangi nyingine juu yake unasogea hatua moja kuelekea tope. Nyekundu yake ilikuwa alizarini ya zamani, PR83, ambayo hupauka ikikaa kwenye mwanga. Nyingine zilikuwa rangi za bei ya wanafunzi: poda kidogo, kijazio kingi. Nikampa orodha ya tyubu zenye poda moja moja. Chungwa ya piroli, PO73. Kwinakridoni, PV19, badala ya alizarini. Thalo ya buluu na thalo ya kijani. Nikamalizia kwa maneno ambayo sasa nayajutia: “Mzee, usiogope rangi. Tia.”

Akatia.

Mchoro wa pili ulikuja baada ya wiki mbili. Anga ilikuwa buluu ya thalo kutoka pembe hadi pembe. Nyasi zilikuwa kijani ambacho hakijawahi kuota ardhini, kwa sababu PG7, ile thalo ya kijani, ikitumiwa peke yake inafanana na chupa kuliko na jani. Milima ya nyuma zambarau, kijito feruzi, na mteremko chungwa nzito iliyopakwa mara tatu. Kila kitu kilikuwa kimekolea na hakuna kilichokuwa kinawaka. Ilikuwa ngoma ambayo kila mpigaji anataka kuongoza. Mzee mwenyewe hakuhitaji kuambiwa. Alisema nyekundu aliyoiweka kwenye shina la mti mmoja inaitwa damu ya mzee, na kwamba kweli ilikuwa imemtoka.

Hapo nilipaswa kufanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikazipiga picha zote mbili kwa simu, kisha nikaziondolea rangi zibaki nyeusi na nyeupe. Zilikuwa picha moja. Ule mchoro uliopauka na ule uliopiga kelele, bila rangi, ulikuwa ni mchoro uleule: anga kijivu cha kati, milima kijivu cha kati, mteremko kijivu cha kati, nyasi kijivu cha kati, na miti imezidi weusi kidogo tu. Orodha yangu yote ya tyubu haikuwa imegusa ugonjwa.

Kisha tukaiondolea rangi ile picha ya simu aliyoipiga mahali penyewe. Mteremko ulikuwa mweupe karibu kama karatasi. Nyuma yake milima ilikuwa na giza. Mzee aliitazama muda mrefu, akaisogeza simu mbali na macho, akairudisha.

“Lakini milima ya mbali si huwa myepesi?”

Hilo swali ndilo lililofungua kisa. Alikuwa amejifunza kanuni, na kanuni yenyewe si ya uongo: hewa iliyo kati yako na mlima hutawanya mwanga, hivyo kitu kikiwa mbali hupoteza weusi wake na kuelekea ubuluu. Mchana wa kawaida inafanya kazi. Jioni ile, hata hivyo, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mgongo wake, likiupiga mteremko wa katikati peke yake, huku milima ya nyuma ikiwa ndani ya kivuli cha wingu. Picha ya simu ilionyesha hivyo na macho yake yaliona hivyo. Mkono ukachora kanuni. Mara mbili aliweka mlima mwepesi nyuma ya mteremko mwepesi, na mara mbili mteremko ukakosa pa kusimamia.

Niseme kidogo juu ya huu wepesi na uzito, maana watu wengi huchanganya rangi kukolea na rangi kuwa nyeusi. Kila rangi, mbali na jina lake, ina kiasi chake cha mwanga au giza, nami nakiita uzito. Kila moja ina mahali pake pa kukolea kwenye ngazi hiyo. Manjano hukolea ikiwa nyepesi; ukijaribu kuifanya nzito inageuka rangi ya zeituni na manjano yenyewe inakwisha. Zambarau hukolea ikiwa nzito. Ukiipunguza kwa maji inakuwa urujuani wa kupauka. Chungwa iko juu kidogo ya katikati. Kwa hiyo anayetaka chungwa iwake hana uhuru wa kuiweka popote: lazima aiache kwenye ngazi yake, halafu avishushe vilivyo jirani. Mzee alifanya kinyume. Kila chungwa ilipokosa nguvu, aliiongeza yenyewe.

Kwenye rangi za mafuta kuongeza kungeweza kumsaidia. Kwenye rangi za maji kunadhuru, na sababu yake ni ya kimaumbile kabisa. Rangi ya maji ni poda iliyoshikwa na gundi ya mgunga, na haina mwanga wake. Mwanga hupenya tabaka la rangi, hugonga weupe wa karatasi, hurudi kupitia tabaka lilelile hadi kwenye jicho. Ukiongeza poda, mwanga unazidi kuchukua rangi hadi mahali fulani. Ukipita hapo, mwanga haufiki tena kwenye karatasi. Jaribu kwa buluu ya thalo. Ikitoka kwenye tyubu bila maji inakaribia kuwa nyeusi. Ukali wake wote unajitokeza inapopunguzwa kwa maji kiasi cha karatasi kuanza kuonekana kupitia kwake. Ule mteremko wa pili, wenye chungwa tabaka tatu, ulikuwa umevuka mahali hapo. Ukiuinamisha kwenye mwanga wa dirisha unauona uking’aa juu juu kama uliopigwa vanishi. Hiyo ni poda na gundi iliyozidi, na mng’ao huo si rangi, ni dirisha linalojitazama.

Malalamiko yake ya kwanza, kwamba ulikuwa unawaka ukazimika usiku, yalikuwa ya kweli, ila yana maelezo yake. Rangi ikiwa bado imelowa, maji hujaza vinyweleo vya karatasi na kuulaza uso wake, mwanga ukaingia na kutoka ukiwa umebeba rangi. Ikikauka, uso unarudi kuwa na mikwaruzo midogo isiyohesabika, na sehemu ya mwanga inatawanyika hapo juu ikiwa nyeupe bila kufika ndani. Ni kama kokoto ya mtoni: ndani ya maji ina rangi zake, ukiitoa ikikauka ni jiwe. Dawa yake haina ujuzi mkubwa. Kata kipande cha karatasi ileile, paka mistari sita kuanzia mwepesi hadi mzito, subiri ikauke kabisa, kisha chagua. Mzee alichagua mstari wa nne. Ulipokuwa umelowa alikuwa ameukataa kwa kuwa mzito mno.

Naona nimeeleza uzito kana kwamba ndiyo yote. Kuna jambo la pili, nalo ni ujirani.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa utiaji rangi kwenye karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Wafumaji walikuwa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu zikiwekwa kwenye vivuli vya nguo za buluu na zambarau. Chevreul akalinganisha rangi nyeusi ya karakana na nyeusi za kwingineko, akakuta haina kasoro. Kasoro ilikuwa kwa majirani: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja husukuma nyingine kuelekea rangi iliyo kinyume chake, na buluu ilikuwa inailetea nyeusi ujirani usioifaa. Kitabu chake juu ya hilo kilitoka mwaka 1839. Niliposimulia kisa hiki mzee akacheka. “Kwa hiyo hata yeye aliitwa kutazama kisanduku?” Ndiyo. Tofauti ni kwamba yeye alikipima kwanza, kisha akatoka nje ya kisanduku.

Tulifanya jaribio dogo ambalo nampendekezea yeyote mwenye mkasi. Kutoka kwenye mchoro wa pili tulikata ukanda wa ile chungwa, upana wa kidole. Tukauweka juu ya karatasi nyeupe: ukawa wa kahawia. Juu ya zile nyasi za kijani cha chupa: ukapigana nazo hadi macho yakachoka. Juu ya kipande cha kijivu chenye ubuluu, kilichochanganywa kwa altramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia ya udongo: ukawaka. Ukanda uleule, bila tone la rangi kuongezwa. Kijivu kile kinaegemea buluu, buluu inatazamana na chungwa kwenye duara la rangi, na kwa kuwa chenyewe ni kinyonge, hakishindani. Mzee aliurudisha ukanda kwenye karatasi nyeupe, kisha kwenye kijivu, kisha tena kwenye nyeupe. Sikumharakisha. Mtu anayependa rangi kali huona kijivu kama woga, na hakuna maneno yanayoweza kumtoa hapo isipokuwa ukanda wake mwenyewe.

Mchoro wa tatu tuliupanga kwa penseli kwanza, kwa michoro midogo ya ukubwa wa kiberiti, ngazi tatu tu: karatasi tupu, kijivu, giza. Alichora mitano. Ule wa tano ulikuwa na mteremko mtupu, sehemu ndogo ya kijito tupu ikiurudisha mwanga wake, milima na anga kijivu, miti giza. Ukiutazama kutoka upande wa pili wa chumba bado unajua jua liko wapi, ingawa hauna rangi hata moja.

Karatasi ilikuwa ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, robo ya karatasi kubwa, yaani sentimita 28 kwa 38. Kutoka kwenye orodha yangu ndefu alibakiza PO73 na PV19, akaongeza altramarini PB29, siena iliyochomwa PBr7, na manjano ya nikeli PY150. Thalo zote mbili zilibaki kisandukuni. Sina ugomvi nazo, ila ni rangi zinazong’ang’ania karatasi, zikishaingia hazitoki kwa sifongo wala kwa maombi, na kwenye mchoro ambao buluu ilitakiwa kunyenyekea hazikuwa na kazi.

Mteremko ulianza kwa manjano nyepesi, ukakauka kabisa. Kisha chungwa ya mstari wa nne, mara moja tu, karatasi imeinamishwa, ushanga wa rangi, yaani rangi iliyojikusanya ukingoni, ukifuata brashi kushuka hadi chini. Mara moja. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika mikono yangu mwenyewe, maana nilijua atataka kurudi. Hakurudi. Milima ilifuata: altramarini na siena, na kwinakridoni kidogo kwenye mabonde yake, ikaletwa hadi kwenye ukingo wa chungwa bila kuugusa. Hapo, milima ikiwa bado haijakauka, mteremko ukawaka. Tuliuona wote wawili kwa wakati mmoja, na haukuwa umeongezwa chochote.

Nyasi zilikuwa manjano na altramarini iliyovunjwa kwa siena. Miti ilipigwa mwisho, altramarini na siena kwa maji machache sana, giza kuliko alivyothubutu hapo awali, ikikaa moja kwa moja chini ya chungwa. Kwenye anga alirudi. Kulikuwa na doa dogo lililomkera, akaligusa kwa brashi yenye maji wakati rangi imekauka nusu. Maji yakasukuma poda pembeni, likaota ua lenye kingo za mawimbi, kubwa kuliko doa lenyewe mara nne. Tuliliacha. Wengi husema tope kwenye rangi za maji linatokana na kuchanganya rangi nyingi. Kwa niliyoyaona, mara nyingi linatokana na kurudi.

Picha hii ya tatu, ikiondolewa rangi, inashuka ngazi vizuri kutoka mteremko hadi miti. Ikirudishiwa rangi, thuluthi mbili za karatasi ni vijivu. Mtu akiulizwa atasema ni picha ya rangi kali. Mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alifanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1842 alipochora mlima Rigi wa Uswisi kwa rangi za maji mara tatu, mmoja wa giza, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu: mlima ni uleule, na kila karatasi ina mtawala wake mmoja.

Ningeishia hapo nikiwa nimeridhika. Lakini mzee alikuwa ameonja kuondoa rangi kwenye picha, na alianza kuziondolea rangi picha za watu wengine. Siku moja akanijia na simu.

“Mwalimu, na huyu naye hajui uzito?”

Ilikuwa ile picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet ya mwaka 1872, bandari ya Le Havre alfajiri, iliyozaa jina la wachoraji wa kiimpreshonisti. Ni ya mafuta, lakini swali halikuwa la mafuta. Lile jua la chungwa, ambalo ndilo kila mtu hulikumbuka, lilikuwa limetoweka. Uzito wake unakaribiana sana na wa anga iliyolizunguka, kwa hiyo rangi ikiondoka nalo linaondoka.

Nilitafakari kabla ya kujibu, kwa sababu nilikuwa nimetumia wiki nzima kumwambia kwamba kitu kinachowaka lazima kitofautiane uzito na jirani yake. Margaret Livingstone, mtafiti wa mfumo wa kuona wa Harvard, amelieleza jua hilo hasa. Sehemu ya ubongo inayotambua vitu viko wapi hutegemea mwanga na giza, haitambui rangi, hivyo kwayo jua lile karibu halipo. Sehemu nyingine, inayotambua rangi, inaliona waziwazi. Ubongo unapata habari mbili zisizokubaliana, na jua linaonekana kutetemeka.

Kwa nini basi michoro miwili ya kwanza ya mzee, ambayo nayo ilikuwa na uzito mmoja, haikutetemeka bali ilikufa? Niliporudi kuitazama nikaona nilikuwa nimesema nusu ya jambo. Monet alilinganisha uzito mahali pamoja tu, na pahali hapo pamezungukwa na vijivu vya ubuluu. Kisha akaweka mashua za giza mbele, jicho likapata pa kushika. Mzee alilinganisha uzito kila mahali, na katika mchoro wa pili akalinganisha hata ukali. Kosa halikuwa kwamba mlima ulikuwa mwepesi kama mteremko. Kosa ni kwamba anga nayo ilikuwa hivyo, na nyasi, na kijito, na hapakuwa na kinyonge hata mmoja. Kuushusha mlima kulikuwa njia moja ya kuuponya mchoro. Mimi nilimfundisha kama ndiyo njia.

Nilimwambia hivyo. Hakusema kitu, alivuta kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, akachanganya altramarini na siena, safari hii kwa maji mengi, akipaka mistari ya majaribio na kusubiri ikauke, hadi kijivu chake kilipokuwa na uzito uleule wa chungwa. Aliupima kwa simu mara tatu. Kisha akaweka chungwa ndogo katikati, kijivu pande zote, na mstari wa giza chini.

Nilikibandika ukutani, nikarudi nyuma hatua sita. Kilikuwa kinawaka, na kingo zake sikuweza kuzishika kwa macho. Nilipogeuka kumwambia, alikuwa tayari anaosha brashi.